Chomoa Pasi Kabla Hujasoma

Chumba namba 9,
Nyumba za vibarua, nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa shemeji,

Dada yako amekufa. Pasi ya mvuke imemuua Jumatatu asubuhi. Tumemzika Jumatano.

Kama pasi yako imechomekwa ukutani, weka barua hii chini uende ukaichomoe. Zima swichi kwanza. Halafu shika plagi, usiguse pasi yenyewe. Vaa viatu. Kama mikono ina maji, ifute. Halafu rudi usome.

Umerudi. Haya, sasa salamu, maana nimetanguliza habari mbele ya salamu na sivyo mtu anavyoandikiwa. Hujambo? Mwili unaendeleaje? Ule mguu ulioteguka kwenye ngazi za gesti, hapo kazini kwako, umepona? Mimi ni mzima. Mtoto ni mzima, ila anakula kidogo. Mwandiko utanisamehe. Nimeandika mwenyewe, sikutaka mtoto aandike haya.

Nimekupigia simu tangu Jumatatu, naambiwa haipatikani. Dada yako alinieleza kwamba ilitumbukia kwenye ndoo ya kudekia, na nilicheka. Kaka yenu mkubwa alimpigia yule jirani yako wa zamani, akaambiwa umehama mtaa. Ndiyo maana dada yako amezikwa wewe hujui. Usimlaumu mtu. Tulikusubiri mpaka Jumatano, haikuwezekana kusubiri zaidi.

Nitakueleza yote. Nisipoeleza yote hutaniamini kuhusu pasi. Nikiandika tu kwamba pasi ya dada yako ilikuwa mbovu, utasema yake mbovu, yangu nzima, mbona naitumia kila siku. Nakujua. Kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Unazijua zile pasi mbili. Tulizinunua siku moja kwa yule muuza vyombo vya umeme vilivyotumika, anayetandika turubai mbele ya soko. Dada yako alikwenda kutafuta moja. Alipoiona ya pili, ya bluu, akasema hii ya Kitinda, yaani wewe, anateseka na pasi ya mkaa na zile sare nyeupe, cheche moja tu imemharibia kazi. Nikamuuliza tunanunua pasi au tunafungua dobi. Akasema, "Bwana we, lipa twende." Nikalipa tukaenda.

Plagi zake zilikuwa za nchi nyingine, miguu miwili ya mviringo, haziingii kwenye soketi zetu. Muuzaji akasema tafuteni fundi awabadilishie. Mimi nikajifanya fundi.

Hapa ndipo penye kosa, nalisema wazi. Ndani ya ule waya mkubwa mna nyaya tatu. Wa kahawia, wa bluu, na wa kijani wenye mstari wa njano. Kule saiti nilikuwa nimemwona fundi wetu wa umeme, tunamwita Volti, akifunga taa za muda za kumwagia zege usiku. Wa kijani alikuwa anaukata anautupa. Nikamuuliza huo vipi. Akasema, "Huo urembo tu, mzee. Wanaofanya kazi ni wawili." Nikaliweka kichwani. Mtu ambaye hukusoma, ukipata neno la fundi hulichunguzi, unalibeba.

Basi nikakaa kizingitini na kisu cha jikoni, nikafunga plagi mbili mpya nyeupe. Kahawia, bluu, imetosha. Wa kijani nikaukata kwenye pasi ya dada yako. Kwenye yako nikaukata vilevile. Kisu kilekile, jioni ileile, mikono hii hii inayokuandikia. Dada yako akachomeka, taa nyekundu ikawaka, mvuke ukatoka, akapiga makofi. Wiki nzima akaniita fundi. Fundi njoo ule. Fundi, mtoto wako ana homa. Nilipenda kuitwa hivyo, siwezi kukudanganya.

Wakati ule mwalimu wa Kiingereza aliwaambia watoto waandike majina ya vitu vya nyumbani wavibandike karatasi. Chumba kizima kikawa karatasi. Mlango, kiti, dirisha, sufuria. Mimi mwenyewe nilibandikwa mgongoni nimelala, nikafika nayo kazini. Kwenye pasi mtoto akaandika stim ayoni, yaani pasi ya mvuke kwa Kiingereza. Dada yako akaacha kabisa kusema pasi. Ikawa, "Nani kagusa stim ayoni yangu?" Majirani wanamcheka, ndiyo kwanza anaongeza sauti. Karatasi ile mtoto ameibandua Alhamisi. Nyingine zote zipo. Sikumuuliza.

Miezi mitatu ilifanya kazi vizuri. Halafu ikaanza kuvuja. Maji yetu ya bomba yana chumvi, ilikuwa inatema matone meupe kwenye nguo. Baada ya kuvuja ikaanza kumtekenya. Aliniita nishike. Nikagusa chini yake kwa mgongo wa kidole, nikasikia kama sisimizi wanatembea. Nikasema ni mvuke. Mvuke gani unatekenya? Lakini ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nimeshaitwa fundi, kusema sijui kulinishinda.

Mara ya pili ilimpiga mpaka akaiangusha. Nikamletea kipande cha ubao kutoka saiti, nikamwambia akipiga pasi asimame juu yake na avae kandambili. Kweli ikaacha. Tukaona tumeishinda. Mama mshonaji wa chumba cha nane akija kuiazima, dada yako anampa na ubao. "Chukua vyote viwili, hii haiendi bila ubao wake." Kuna siku aliniambia, "Pasi hii inanishika mkono kuliko wewe." Nikamjibu basi ikulipie na kodi. Tulizoea, shemeji. Kitu kilikuwa kinatuonya kila asubuhi, sisi tunakifanyia utani.

Halafu ikaja barua yako ya mwezi uliopita. Mtoto ndiye aliyetusomea. Uliandika kwamba na yako imeanza kukutekenya, hasa ukiwa umetoka kuoga. Tulicheka wote watatu. Dada yako akasema, "Mwandikie atafute ubao." Ndiyo majibu uliyoyapata. Najua uliyapata, na najua ubao umeutafuta, maana hukuwahi kumbishia dada yako. Hicho ndicho kinachonitisha. Ukiwa juu ya ubao unadhani pasi imepona. Haijapona. Inangoja ushuke.

Jumatatu mimi nilitoka saa kumi na mbili, mtoto saa moja kasoro. Dada yako akadeki chumba. Alitoa vitu vyote nje, na ubao akautoa, akauosha, akauegemeza ukutani upate jua. Alitaka kunipigia pasi shati la kwendea mkutano wa wazazi. Sakafu haijakauka, saruji tupu. Kandambili aliziacha mlangoni asiichafue. Alikuwa peku.

Unajua mnavyopima moto wa pasi. Bibi yenu aliwafundisha wote wawili, kwa pasi ya mkaa. Mnalamba kidole, mnagusa chini ya pasi, ikilia chwii ipo tayari. Pasi ya mvuke ina taa ya kukuambia. Nilimwambia mara ngapi. Alisema taa inaweza kuungua, kidole chake hakiungui. Na wewe unafanya hivyo hivyo. Nimekuona kwa macho yangu ulipokuja mtoto alipolazwa. Ulilamba kidole ukagusa, taa wala hukuitazama.

Alilamba kidole akagusa.

Mama mshonaji alisikia kitu kinaanguka, akadhani ni beseni. Akaita. Akaita tena. Halafu akasikia harufu ya nguo inaungua. Alipoingia alimshika bega, akarushwa mpaka mlangoni. Akapata akili akachukua ufagio, akazima swichi kwa mpini. Mkono wake wa kulia una ganzi mpaka leo, hawezi kushika sindano. Yeye ndiye aliyenijia saiti. Alikimbia na kiatu kimoja. Alichokuwa anasema sikukisikia vizuri. Nilitazama ule mguu usio na kiatu, nikajua.

Zahanati walimtazama tu. Mganga alinionyesha kidole cha shahada, kina doa jeusi dogo kama mbegu ya papai. Kwenye unyayo wa kulia lipo lingine. Akasema umeme umeingia hapa, umetokea hapa. Hakukuwa na la kufanya. Uso haukuharibika. Nakuambia kwa sababu najua utauliza.

Msibani watu walisema siku yake ilikuwa imefika. Kaka yenu mkubwa hakusema hivyo. Aliniuliza mbele ya watu, "Pasi hii ilitoka wapi, na nani aliishika kabla yake?" Nikasema ilikuja hivyo hivyo kwa muuzaji. Nilisema uongo huo mke wangu akiwa ndani bado hajazikwa.

Alhamisi kaka yenu akaenda sokoni na ile pasi, akamkunja muuzaji shati. Yule mtu alijitetea kwa jambo moja tu. "Mimi niliuza na plagi ya miguu ya mviringo. Hiyo nyeupe siijui." Kaka yenu akarudi hapa, akaiweka pasi mezani, akakaa mbele yake. Akaitazama plagi, akanitazama mimi. Akanywa maji, akaaga. Pasi ameondoka nayo. Wiki hii anaipeleka kwa fundi aifungue. Mimi sihitaji kufunguliwa, najua kilichomo.

Ijumaa nikaenda saiti. Nikamkuta Volti anakula. Nikamuuliza ule waya wa kijani kazi yake nini. Akasema, "Ule ndio unaokufa badala yako. Umeme ukitorokea kwenye chuma, ule unaupeleka ardhini kabla haujakufikia." Nikamwambia mbona uliniambia ni urembo. Akaacha kutafuna. "Mzee, zile zilikuwa taa za plastiki. Hazina chuma cha kugusa. Nilikuwa natania." Nikaondoka. Msiba wangu anaujua, alikuja kuzika. Nadhani aliunganisha mwenyewe, maana alinifuata mpaka getini.

Simlaumu. Yeye alitania. Mimi ndiye niliyekwenda kufunga.

Nilikuwa navuka barabara ndipo nikaikumbuka yako. Nikasimama hapo hapo katikati, mpaka mtu wa mkokoteni akaniuliza kama nangoja kupakiwa. Siku tano nimekutafuta kwenye simu nikuambie dada amekufa, na hata mara moja sikuifikiria pasi iliyoko chumbani kwako.

Tangu hapo nahesabu asubuhi. Wewe unapiga sare kila siku saa kumi na moja na nusu, ukitoka kuoga. Uliandika mwenyewe. Jumamosi umepiga. Leo umepiga. Dereva wa lori linalotuletea saruji, yule anayelala pale gesti yenu, anaondoka leo alasiri na mzigo wa matofali. Anasema atafika kwenu Jumanne mchana. Kwa hiyo kesho utapiga pasi, na Jumanne utapiga pasi, barua hii ikiwa njiani. Nimemuuliza namba ya pale. Hana, anasema mapokezi hakuna simu, na mwenye gesti hakai hapo. Nikamwomba aongeze mwendo. Akasema, "Mzee, nina tani kumi nyuma, sina mabawa." Nikamweleza barua ni ya nini. Akasema basi haitakaa kwenye droo ya gari, ataiweka mfuko wa shati.

Kama anayesoma si Kitinda, ni mtu mwingine hapo gesti amefungua barua isiyo yake, basi nimechelewa. Na wewe uliyeisoma, chomoa hiyo pasi.

Kama ni wewe, shemeji, sikiliza. Ulisema mpishi na yule wa mapokezi huwa wanaiazima. Kama hivi sasa haipo kwako, iko kwa mmoja wao, usimalize kusoma, mfuate. Usimtume mtu. Atakuambia ana ubao. Mnyang'anye.

Ukishaichomoa, kata waya karibu kabisa na pasi. Usimpe fundi wa mtaani airekebishe, atakuwa fundi kama mimi. Usiiuze. Usiiweke juu ya kabati useme nitaona baadaye. Ile plagi nyeupe na waya wake mpe dereva aniletee. Sihitaji barua. Barua unaweza kuniandikia huku bado unaitumia. Nataka kuishika plagi.

Utarudi kwenye pasi ya mkaa. Cheche itakuharibia sare, watakufokea. Wafoke.

Najua alikuwa nani kwako. Mimi nilipomwoa nilikukuta mgongoni kwake. Watu walinitania kwamba nimeoa mmoja nikapewa na nyongeza. Alikuwa anakukata kucha mpaka una miaka kumi na tatu. Ukitaka kunichukia, nichukie, sitakuandikia kujitetea. Lakini nichukie ukiwa umeukata huo waya.

Kaka yenu anakuja leo jioni kumwona mtoto. Nitamwambia mimi, kabla fundi hajamwambia. Sijui atafanya nini. Anaweza kunipiga, sitamzuia. Anaweza kumchukua mtoto. Nguo za mtoto nimezikunja nikaziweka pamoja na madaftari, akitaka kumchukua asihangaike kutafuta. Mtoto ameniona nazikunja. Ameuliza tunahama. Nikamwambia sijui bado.

Kwa sasa tunatumia taa ya betri. Umeme wa chumba nimeuzima kwenye swichi kubwa, na mtoto hataki niuwashe. Chumba kimekuwa kimya, hata sikujua friji ya jirani inasikika mpaka huku.

Nisalimie shangazi yenu wa huko, mwenye duka la nyuzi. Habari hii mpelekee wewe mwenyewe, akiwa amekaa, unajua moyo wake. Mama mshonaji anakusalimu, anasema angekuandikia ila mkono. Mtoto anakusalimu sana. Anauliza kama utakuja, na ukija utalala hapa au kwa mjomba wake. Msalimie na mwenzako wa zamu yule anayecheka kwa pua, dada yako alipenda habari zake.

Mungu akufikishe Jumanne mchana ukiwa umesimama. Dua nyingine sina kwa leo.

Msimamizi alinipa siku saba, zimeisha. Lori likirudi linaingia kwenye geti letu Alhamisi, na anayepakua saruji ni mimi. Kesho narudi kazini.

Akupendaye, na aliyekukosea,
Shemeji yako.